Uwezo, Sababu, Nia: na Kikomo Je?

Mada ni kongwe: nchi ikitaka kuingia vitani, neno la mwisho liwe la wananchi au la serikali waliyoichagua? Nimeipeleka Bunazi, wilaya ya Misenyi, mkoani Kagera, kwenye baraza la nyumba moja isiyo mbali na daraja la Kyaka. Wanaozungumza ni watatu. Babu ni mwalimu mstaafu aliyejiunga na mgambo mwaka 1978 na kurudi nyumbani baada ya Kampala kuanguka. Shangazi ni binti yake. Ameolewa Kenya na ana duka la vitambaa Nairobi. Mjukuu anasoma sheria Dar es Salaam na yuko likizo. Watu hawa nimewabuni. Hoja zao nimeziokota vijiweni, kwenye mabasi na misibani, na matukio wanayoyataja ni ya kweli. Katikati yao kuna kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ambayo mgeni wa Kagera hukaribishwa nayo kabla hajaulizwa habari za safari.

Nani aulizwe?

Mjukuu: Babu, nakupa nafasi ya kwanza kwa kuwa ndiye pekee hapa aliyeshika bunduki. Mwaka 1978 nani aliamua twende vitani?

Babu: Mchumba, una haraka. Tafuna kahawa kwanza. Haya. Aliyeamua ni Idi Amin. Wanajeshi wake walivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera ni mali ya Uganda. Hizo ni kilomita za mraba kama 1,800, na baraza hili tulilokalia limo. Raia waliuawa, ng'ombe kwa maelfu wakaswagwa kwenda ng'ambo, kiwanda cha sukari kikaporwa. Sisi tulikimbilia darajani usiku, bibi yako kambeba baba yako mgongoni, mimi nimejitwisha godoro. Mpaka leo sijui kwa nini nilichukua godoro nikaacha mahindi. Siku chache baadaye daraja lenyewe likalipuliwa. Sasa niambie wewe msomi: usiku ule kura ya maoni tungeipigia wapi? Sanduku lingewekwa ng'ambo ipi ya mto?

Shangazi: Hilo halina ubishi, Baba. Mwizi akishaingia ndani hakuna anayeitisha kikao cha mtaa.

Babu: Basi mjadala umekwisha, tuleteeni ndizi tule.

Shangazi: Haujaisha. Vita vingi havianzi mwizi akiwa ndani. Vinaanza mkubwa mmoja akituambia kuna mwizi anakuja, anakaa mbali, na ana silaha ambazo sisi hatujaziona.

Babu: Nakubali. Ila wa kwetu alikuwa ndani, na wananchi hatukuburutwa. Malori ya mashirika na ya watu binafsi yalitolewa, wafugaji wakatoa ng'ombe, vijana wakafurika kwenye mgambo. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alisema na taifa, redio ikatangaza nchi nzima. Alitaja mambo matatu ambayo hata aliyezaliwa baadaye anayajua: uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, na nia tunayo. Siku ile umma na serikali walikuwa kama ulimi na mate.

Mjukuu: Tuwe wakweli, Babu. Ilikuwa nchi ya chama kimoja. Kwenye uchaguzi wa rais mlikuwa na mgombea mmoja anashindana na kivuli. Umma usio na nafasi ya kusema hapana, ndiyo yake tunaipimaje?

Babu: Unaipima kwa miguu. Watu walitembea kutoka hapa mpaka Kampala.

Mjukuu: Miguu nimeikubali, lakini mimi nasimama na Bunge. Katiba yetu ya sasa, Ibara ya 44, inampa Rais mamlaka ya kutangaza kwamba nchi iko vitani. Hapohapo inamtaka Spika aitishe Bunge ndani ya siku 14, lijadili hali na kuamua kama linaunga mkono tangazo hilo. Mmoja anatenda haraka, wengi wanamhoji muda si mrefu. Kuwapa wananchi wote kura kuna waliowahi kulitaka wakashindwa. Miaka ya 1930 mbunge mmoja wa Marekani kutoka Indiana, Louis Ludlow, alitaka Katiba yao ibadilishwe ili nchi isiingie vitani bila kura ya wananchi, isipokuwa imeshambuliwa. Umma ulimuunga mkono. Januari 1938 hoja ya kuufikisha muswada wake mjadalani ikaanguka kwa kura 209 dhidi ya 188.

Shangazi: Kumbe! Watu kumi na mmoja wangebadili mawazo, ingepita.

Mjukuu: Ingepita hatua ya kwanza tu, Shangazi. Na mimi nashukuru haikupita. Mbunge ana muda wa kusoma taarifa, anaweza kumwita waziri na kumbana, na kura yake ina jina. Nikitaka kumjua aliyetupeleka vitani, nafungua Hansadi. Kura ya wananchi wote haina mwenyewe. Mambo yakiharibika kila mtu atasema yeye alikataa.

Shangazi: Hansadi hiyohiyo ndiyo inayonitetea mimi. Tarehe 15 Februari 2003 watu waliijaza London kupinga vita vya Iraq. Polisi walikadiria 750,000, waandaaji wakasema karibu milioni mbili. Haukupita hata mwezi na nusu, tarehe 18 Machi, wabunge wao 412 wakaunga mkono vita na 149 wakakataa. Majina yote yameandikwa, kama unavyopenda. Silaha za maangamizi walizoambiwa hazikuonekana. Mwaka 2016 ripoti ya tume ya Chilcot ikasema njia za amani zilikuwa hazijakwisha. Askari 179 wa Uingereza walifia huko, na Wairaki waliokufa mpaka leo watu wanabishania hesabu yao. Nani alikuwa na akili, mheshimiwa mwenye mafaili au mama aliyesimama Hyde Park na bango lake?

Mjukuu: Mama wa Hyde Park. Lakini wafuate majirani zake wiki iliyofuata. Risasi zilipoanza kulia, kura za maoni Uingereza ziligeuka na walio wengi wakasema vita ni sawa. Vijana wao walikuwa mstari wa mbele; nani angetaka kuonekana anawageuzia mgongo? Marekani umma uliunga mkono tangu mwanzo, na miaka michache baadaye wengi wakasema lilikuwa kosa. Sasa niwasikilize wananchi wa tarehe gani? Na Bunge si sikio la kufa kila mahali. Tarehe 1 Machi 2003 Bunge la Uturuki liliombwa kuruhusu majeshi ya Marekani yapite kuingia Iraq kutoka kaskazini. Waturuki wengi hawakutaka. Kura za ndiyo zilikuwa 264, za hapana 250, na 19 hawakuegemea popote. Ndiyo ziliongoza, ila hazikuvuka nusu ya waliokuwemo ukumbini. Hoja ikaanguka, na Wamarekani hawakupita.

Makofi ya Nairobi

Babu: Binti yangu, mbona umenyamaza?

Shangazi: Hilo la wananchi wa tarehe gani limenichoma, Baba. Oktoba 2011 mimi nilikuwa upande wa wapiga makofi. Wageni walikuwa wametekwa Kiwayu, kisha Manda, kisha kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Pwani watu wa hoteli walikuwa wanalia. Tarehe 15 Oktoba mawaziri wawili, George Saitoti wa usalama wa ndani na Yusuf Haji wa ulinzi, wakatangaza kwamba Kenya itawafuata Al-Shabaab ndani ya Somalia. Kesho yake vikosi vikavuka. Wakaiita Operesheni Linda Nchi. Kwenye matatu watu walizungumza kama timu ya taifa imefunga bao. Nilinunua bendera ndogo nikaitundika juu ya meza ya kukatia vitambaa. Hakuna aliyeniuliza, na kusema kweli sikutaka kuulizwa.

Mjukuu: Na Katiba yenu mpya ilikuwa na mwaka mmoja tu. Ibara ya 95 inasema Bunge la Taifa ndilo linaloidhinisha kutangazwa kwa vita. Ibara ya 240 inataka idhini ya Bunge majeshi yanapopelekwa nje kulinda amani. Serikali ikapita mlango wa haki ya kujilinda uliomo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Wabunge walikuja kuombwa idhini Desemba, vikosi viingizwe katika jeshi la Umoja wa Afrika, AMISOM. Wakati huo askari walikuwa wameshalala wiki kadhaa ndani ya Somalia.

Babu: Hata wangeulizwa Oktoba wangesema ndiyo.

Mjukuu: Wangesema ndiyo huku wanagonga meza. Hapo umenikamata, Babu. Bunge langu na umma wa Shangazi wangeimba wimbo mmoja.

Shangazi: Ndiyo maana sasa silii na siku ya kwanza. Nalia na zilizofuata. Sisi tulielewa kwamba kazi ni kuwasukuma watekaji mbali na mpaka wetu. Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Septemba, tukasikia Kismayu imetwaliwa. Tukapiga makofi tena, ila ya mara ya pili yalikuwa mepesi. Septemba 2013, Westgate, watu 67. Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148. Januari 2016 kambi ya jeshi letu ya El Adde ikavamiwa, na serikali haikutangaza idadi kamili ya askari waliouawa. AMISOM ikaja kuitwa ATMIS, mwaka 2025 ikaja AUSSOM. Jina limebadilishwa mara mbili, mimi mwananchi sijaulizwa hata mara moja.

Babu: Kwa hiyo unataka warudi?

Shangazi: Sijasema warudi. Nasema hivi. Katika chama chetu cha akina mama tuliwahi kutoa hela ya mabati ya nyumba ya mwenzetu. Mweka hazina akafika dukani, akakuta saruji imeshuka bei, akanunua saruji. Nia njema kabisa. Tulimwita kikaoni. Hatukumwita mwizi. Tulimwambia, hela ilikuwa ya mabati. Ukitaka kujenga ukuta, rudi uulize. Basi mimi mwaka 2011 nilipiga makofi ya mabati. Miaka zaidi ya 10 baadaye bado nalipia ukuta, na kikao hakijaitishwa.

Kutoka Mutukula kwenda Kampala

Mjukuu: Babu, mabati yenu nyinyi yalikuwa nini?

Babu: Ardhi yetu irudi.

Mjukuu: Ilirudi lini?

Babu: Tuliwafurusha kabla mwaka haujaisha. Mwishoni mwa Januari 1979 tulikuwa tumeitwaa Mutukula, pale mpakani.

Mjukuu: Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, siku 160 tangu hotuba ya Mwalimu. Kutoka Mutukula mpaka Kampala ni kilomita zaidi ya 200. Kuhusu hizo kilomita nani aliulizwa?

Babu anachagua punje moja ya kahawa, anaivunja kwa meno, anatema ganda kiganjani.

Babu: Nitakujibu kama askari, halafu kama mwalimu. Kama askari: nyoka ukimtoa nyumbani ukamwacha kwenye kichaka cha jirani, usiku anarudi. Amin alikuwa na ndege na bado anatamba. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulitaka kusuluhisha, lakini kumlaani mvamizi ukashindwa. Tungekaa Mutukula mpaka lini, mtutu umeelekea kaskazini, mashamba yamelala? Tulipoingia, Waganda walitushangilia, wakatuita bakombozi. Machi, Waganda waliokuwa uhamishoni wakikutana Moshi kupanga serikali yao, Libya ilikuwa imeshapeleka askari kumsaidia Amin. Kwa hiyo msinifundishe kwamba tulikosea kwenda.

Mjukuu: Na kama mwalimu?

Babu: Kama mwalimu, nilipita Masaka baada ya mizinga yetu kumaliza kazi. Palikuwa na duka la fundi cherehani, ukuta wa mbele haupo. Cherehani imesimama mahali pake, kitambaa kiko chini ya sindano, kimeshonwa nusu. Nilisimama pale mpaka mwenzangu akanivuta. Yule fundi alikuwa ametukosea nini? Masaka haikuwemo katika yale mambo matatu. Uwezo, sababu, nia. Kikomo hakikuwemo, na sisi hatukukiuliza. Tuliporudi Mwalimu akatuomba tufunge mikanda miezi 18. Mkanda wangu ulifika tundu la mwisho, nikatoboa jingine kwa msumari. Sabuni foleni, sukari foleni, khanga za bibi yako za magendo. Najua si vita peke yake: mafuta yalipanda bei, mvua zilikataa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshavunjika mwaka 1977. Lakini gharama ya vita vile inayotajwa mara nyingi ni dola milioni 500. Tukiwa Mutukula hakuna aliyetwambia kwamba mbele kuna bei ya namna hiyo.

Shangazi: Ungeulizwa pale Mutukula, Baba, ungesema nini?

Babu: Ningesema twende.

Shangazi: Sasa si yaleyale?

Babu: Si yaleyale. Ningekuwa nimesema mimi.

Adui naye anasikiliza redio

Mjukuu: Basi nami nikiri langu. Nimelisifu Bunge kana kwamba idhini ikishaandikwa imelindwa. Septemba 2001, siku tatu baada ya mashambulizi ya New York na Washington, Bunge la Marekani lilipitisha ruhusa ya kutumia jeshi. Kiini chake ni sentensi moja ya maneno 60. Katika Baraza la Wawakilishi waliokubali walikuwa 420. Aliyekataa alikuwa mmoja, Barbara Lee wa California, na alitishiwa maisha kwa kura ile. Sentensi hiyo haikutaja nchi, wala haikutaja tarehe ya mwisho. Marais kadhaa wa vyama vyote viwili wameipokezana. Mashambulizi ya Marekani dhidi ya Al-Shabaab nchini Somalia yameegemezwa juu yake, na mwaka 2001 Al-Shabaab hata haijaundwa.

Shangazi: Hela ya mabati imejenga ghorofa.

Mjukuu: Wajerumani wamejaribu kulitafutia dawa. Tangu uamuzi wa Mahakama yao ya Katiba wa mwaka 1994, jeshi haliendi kupigana nje bila idhini ya Bunge, na kwa kawaida idhini hiyo hutaja kazi, mahali, idadi ya juu ya askari na muda, ambao mara nyingi hauzidi mwaka mmoja. Muda ukiisha, serikali inarudi kuomba upya. Kwa Afghanistan waliomba hivyo mwaka baada ya mwaka, karibu miaka 20.

Babu: Miaka 20! Mgonjwa anayekunywa dawa miaka 20, hiyo dawa au chai? Na kuna jambo ninyi mliosomea vita darasani hamlioni. Adui naye anasikiliza redio. Akijua idhini yako inaisha Juni, atajificha mpaka Julai. Na askari aliye handakini akisikia nyumbani wanabishana abaki au arudi, usiku huo hatakesha kwa ajili ya adui peke yake.

Mjukuu: La adui lina jibu nusu. Kurudi Bungeni si kutoa amri ya kurudi nyuma. Mbinu na ramani zinaweza kujadiliwa faragha, mabunge yana kanuni za kukaa hivyo. Anachoulizwa mbunge hadharani ni kama kazi tuliyoikubali ndiyo inayofanyika, au tumeshahamia nyingine. Nusu iliyobaki nakuachia, Babu. Ndiyo, kuna siku adui atanufaika na ubishi wetu.

Shangazi: La askari nalijibu mimi. Ubishi wangu haumwachi handakini. Usahaulifu wangu ndio unaomwacha huko. Nilipokuwa nampigia makofi nilimjua kila siku kwenye habari. Bendera yangu ilipopauka kwa jua nikaiondoa, naye nikaacha kumwuliza. Na hao Wajerumani wako, mwanangu, kuomba kila mwaka kunageuka muhuri kama mwombaji haleti hesabu. Mweka hazina akija kikaoni mikono mitupu, tukamwongezea tu muda, kikao hicho kina kazi gani? Alete risiti. Wamekufa wangapi, wameumia wangapi, zimetumika ngapi.

Babu: Idadi ya waliokufa ni siri ya jeshi.

Mjukuu: Siri kwa nani, Babu? Adui aliyewaua anajua amewaua wangapi. Anayefichwa ni mama wa marehemu na mlipa kodi.

Babu anasogeza kikapu cha kahawa kwa mjukuu wake. Ndizi zimeshafika.

Kauli ya mwandishi

Kila mmoja wa hawa watatu ameangushwa na mfano wake mwenyewe. Babu aliyemwamini kiongozi amekuta Masaka haikuwemo katika hotuba. Shangazi aliyetetea umma amekuta bendera yake mwenyewe ukutani. Mjukuu anayeliamini Bunge amekuta maneno 60 yasiyo na tarehe. Ukiulizwa nani ana hekima zaidi kati ya umma na serikali, historia haikupi mshindi. London umma uliona mbali kuliko wabunge, Nairobi walilewa pamoja.

Nadhani tunakosea mahali pamoja: tunabishana kana kwamba vita vina siku moja tu, siku ya kuanza. Kwa vita ambavyo mwizi yumo ndani, siku hiyo haitaki mjadala mrefu. Serikali ijibu, Bunge liihoji ndani ya siku chache. Kwa vita vya hiari, kama vya Iraq, hakuna haraka ya kutetea chochote. Bunge liulizwe kabla, na kabla ya kupiga kura wabunge wakae majimboni wasikilize. Hata hivyo, siku ya kwanza umma bado ni dhaifu. Umekasirika au umeogopa, taarifa zote ziko mikononi mwa serikali, na gharama haijabisha hodi.

Siku ya mia moja mambo yamegeuka. Sasa mwananchi anajua kitu ambacho waziri anakisoma tu kwenye karatasi, nacho ni bei. Anaijua kwa jeneza, kwa foleni, kwa mkanda uliotobolewa kwa msumari. Maoni yake siku hiyo yana uzito ambao siku ya kwanza hayakuwa nao. Na hapo ndipo, karibu kila mahali, hakuna anayemwuliza tena. Aliyesema ndiyo kwa ajili ya Kagera anahesabiwa amesema ndiyo kwa Kampala. Aliyepigia makofi mpaka wa Kenya anahesabiwa ameridhia Kismayu na yote yaliyofuata. Inawezekana angeridhia, Babu anasema angeridhia. Lakini ridhaa ya kudhaniwa ni wizi wa taratibu, hata pale mwizi anapokuwa na nia njema.

Bodaboda anayetutoa Bunazi kutupeleka Kyaka hatakiwi barabarani na bima iliyokwisha muda. Idhini ya kutuma vijana kufa nayo itajiwe kazi yake na tarehe ya kwisha. Kazi ikibadilika, hata kabla ya tarehe, serikali irudi iulize. Na kabla ya kura ya pili kupigwa, iweke mezani idadi ya waliokufa na fedha zilizotumika. Babu ana haki kuhofia kwamba adui atasikia. Atasikia. Hiyo ni gharama, na nadhani ni ndogo kuliko ile ya nchi kupigana vita ambavyo hakuna anayekumbuka kuvikubali.

Ibara ya 44 ya Katiba ya Tanzania imeweka siku 14 kwa swali la kwanza. Swali la pili haikuliwekea hata siku moja. Mjadala wa Katiba utakapofunguliwa tena, msomaji, idai siku hiyo.